Ukifika Silicon Valley, zunguka nyuma ya kibao

Siku hizi ukifungua simu hazipiti dakika kumi hujakutana na video ya mtu kasimama mbele ya ofisi ya kampuni kubwa ya teknolojia kule Silicon Valley, lile bonde la makampuni ya teknolojia California, kibegi mgongoni, vidole viwili juu, nyuma yake logo ya rangi rangi. Ukishuka kwenye maoni unakuta vita imeshaanza. Kuna wanaompongeza kana kwamba keshaajiriwa, na kuna wanaomcheka, yaani umehangaika na viza na tiketi ya ndege kwenda kupiga picha na geti la ofisi ya watu? Na tangu Google wafungue sehemu yao ya wageni Oktoba 2023 pale Mountain View, yenye duka na mgahawa na mambo yote, kelele zimezidi, wengine wanasema sasa haya makampuni yamefungua milango, mtu wa kawaida anaingia bila kuulizwa. Mimi naona pande zote mbili zimepitwa na kitu kilekile. Cha kuona kule kipo, tena kingi, ila hakiko mbele ya kibao na hakiko ndani ya duka la tisheti. Kinachoonekana kule ni nani alikaa kwenye jengo kabla ya huyu aliyepo leo, na hizi sehemu mpya za wageni zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba unaingia, unatoka, na hicho hujakiona.

Chukua Meta, wenye Facebook. Makao makuu yao yako Menlo Park, anwani kwa miaka mingi iliitwa Hacker Way namba 1. Pale kwenye kuingilia kuna kibao kikubwa ambacho zamani kilikuwa na kile kidole gumba cha laiki, halafu Oktoba 2021 kampuni ilipobadili jina wakabandika alama yao mpya, ile kama namba nane iliyolala ubavu. Watu wanapanga mstari pale, anatoka huyu anaingia yule, mmoja anashika simu mwingine anapozi, wakimaliza wanarudi kwenye gari. Sasa wewe usirudi kwenye gari kwanza, zunguka nyuma. Kibao ni kilekile ila jina ni lingine, limepauka, ni Sun Microsystems na logo yao. Hiyo kampasi ilikuwa ya Sun. Hawa ndo waliotengeneza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na miaka ya 90 seva zao zilikuwa kila sehemu kwenye intaneti, ukimwambia mtu wa wakati ule kwamba hawa watapotea angekuona umechanganyikiwa. Oracle, kampuni nyingine ya programu, wakawanunua, dili la dola bilioni 7.4 likafungwa Januari 2010, na 2011 Facebook wakaanza kuhamia. Kibao hawakukitupa, walikigeuza tu wakaandika upande wa pili. Inasimuliwa kwamba Mark Zuckerberg, bosi wa Facebook, aliliacha lile jina makusudi ili wafanyakazi wake wasijisahau. Mimi nilisimama kule nyuma kama robo saa hivi (hii ndo stori yangu pekee humu, nivumilieni), mbele mstari haukukatika hata mara moja, nyuma nilikuwa peke yangu.

Ukishaliona hilo mara moja utaanza kuliona kila unakokwenda. Googleplex, ile kampasi maarufu ya Google pale Amphitheatre Parkway, haikujengwa na Google, ilijengwa na Silicon Graphics, jamaa waliokuwa wafalme wa picha za kompyuta, mashine zao ndo zilitumika kutengeneza madinosaria ya Jurassic Park, ile filamu iliyotikisa dunia 1993. Google waliingia 2003 kama wapangaji, 2006 wakanunua kwa dola milioni 319, na Silicon Graphics wenyewe wakafilisika mwaka huohuo, wakafilisika tena 2009. Kichekesho ni kwamba uwanjani pale Google wameweka mifupa ya kuigiza ya dinosaria mkubwa, yule wa meno, na inasemekana maana yake ni kuwakumbusha wafanyakazi wasije wakatoweka kama yeye. Sijui kama aliyeichagua alikuwa anajua nyumba aliyopanga iliwahi kuwa ya watu waliopata umaarufu kwa dinosaria, ila ningependa kuamini alijua. Hata jumba la makumbusho ya kompyuta lililo karibu na hapo, Computer History Museum, nalo ni jengo ambalo Silicon Graphics walikuwa wanalitumia. Yaani kampuni imekufa, jengo lake moja limekuwa la mrithi na jingine limekuwa makumbusho, huwezi kuipanga vizuri zaidi ya hapo.

Apple wao walijenga kipya, lakini kiwanja sio kipya. Ile pete yao kubwa pale Cupertino, Apple Park, iliyofunguliwa 2017, sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa kampasi ya kampuni ya Hewlett-Packard, yaani HP, Apple wakainunua 2010 wakati HP wanapunguza mizigo. Steve Jobs mwenyewe, mwasisi wa Apple, alikwenda kuwaeleza madiwani wa Cupertino Juni 2011, miezi minne kabla hajafariki, akawasimulia kwamba akiwa bado mtoto alimpigia simu Bill Hewlett, mmoja wa waasisi wa HP, kuomba vipuri akaishia kupewa kazi ya likizo, na kwamba ile ardhi zamani ilikuwa mashamba ya aprikoti. Na ni kweli, bonde zima lile kabla ya chipu lilikuwa la matunda, aprikoti, plamu, cheri, na kabla ya matunda lilikuwa la Waohlone, wenyeji wa asili wa pale, ambao hakuna kibao kinachowataja ukipita barabarani. Ndani ya Apple Park kuna banda la shamba la mbao la mwaka 1916, linaitwa Glendenning, kwa jina la familia iliyokuwa inalima hapo. Lilibomolewa ubao kwa ubao likajengwa upya ndani ya uzio. Kwangu mimi hicho ndo kitu cha maana kuliko vyote kwenye ile kampasi ya mabilioni, na mgeni haruhusiwi kukifikia.

Sasa tuje kwa wanaocheka. Hoja yao kubwa ni kwamba hakuna cha kuona, na tuwe wakweli, nusu wako sawa. Silicon Valley haina katikati. Haina mtaa ambao ukishuka unasema nimefika, ni miji midogo imeungana, barabara pana, miti, maegesho, jengo la ghorofa tatu la vioo, maegesho tena. Treni ya Caltrain kutoka San Francisco inakufikisha Palo Alto na Mountain View, lakini Cupertino haina stesheni yake kabisa, kwa hiyo anayetaka kuiona Apple lazima atafute basi au gari. Na akifika haioni. Udongo waliochimba wakati wa ujenzi waliurundika kuzunguka kiwanja ukawa vilima, wakapanda miti maelfu, sasa hivi ukipita Tantau Avenue unaona nyasi na majani na labda ukingo wa paa. Wakati wa ujenzi ilibidi watu warushe droni ndo dunia ijue kinachoendelea mle ndani. Kwa hiyo mtu akikwambia alizunguka nusu siku asione kitu, muamini. Ninachobishana naye ni pale anapogeuza hilo kuwa ushahidi kwamba pale hapana kitu. Jengo lililofichwa na vilima vya kutengenezwa linakwambia jambo kuhusu mwenye jengo. Hawa ni watu ambao bidhaa yao inajua uko wapi, unalala saa ngapi, unamtafuta nani, wao wenyewe ukitaka kujua dirisha lao linafanana vipi inabidi uwe na droni. Hilo nalo ni la kuona, ila linahitaji ukae pale kidogo ukereke.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na wala siwezi kuitupa, kwamba hii safari ni ibada, mtu anakwenda kuhiji kwa kampuni iliyokwisha kuchukua data zake na hela yake, halafu anaitangaza bure. Angalia ile sehemu ya wageni ya Apple, ilifunguliwa Novemba 2017 ng'ambo ya barabara kutoka kwenye pete. Kuna mgahawa, kuna baraza juu ya paa la kuchungulia ile kampasi kwa mbali kati ya miti, na kuna duka lenye tisheti na kofia ambazo huzipati kwenye duka lao jingine lolote. Kivutio ni mfano mkubwa wa kampasi juu ya meza, wa alumini mtupu, hauna kitu, mpaka ushike iPad uilenge ndo majengo yanajaa rangi na paa linafunguka uone ndani. Tafakari hilo jambo kidogo, umevuka bahari, jengo lenyewe liko mita mia kadhaa kutoka ulipo, na wewe unaliangalia kwenye skrini, tena skrini wanayoiuza wao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mwenyeji anapona kweli kweli, kwenye mashine ya kadi. Kwa hiyo hawa wanaosema makampuni yamefungua milango nawaomba waangalie vizuri, mlango haujafunguliwa, umejengwa mlango mwingine pembeni. Zamani kwa Google watu walikuwa wanajitembelea tu kwenye viwanja vya nje, wanakuta masanamu ya Android kwenye nyasi, yule roboti wa kijani na keki na vitafunwa vingine, wanapiga picha na zile baiskeli za rangi za wafanyakazi, hakuna aliyewapangia waanzie wapi. Sasa kuna mahali pa mgeni, na mahali pa mgeni maana yake ni kwamba kwingine kote sio pake. Sisemi pabaya, pana kahawa, pana vyoo visafi, pana sehemu ya kukaa na watoto, na lile jengo lenyewe, Gradient Canopy, lenye paa la sola lililopangwa kama magamba, ni zuri kuliangalia. Nasema tu lisiitwe uwazi.

Kuna wanaoleta hoja ya majirani na usalama, nayo ina haki yake. Zile nyumba za historia ziko mitaa ya watu, ile nyumba ya Los Altos alikokulia Jobs ni nyumba ya kuishi kama nyingine yoyote, mtu anataka kuanika nguo zake bila kupigwa picha. Na Aprili 2018 mtu aliingia na bastola ofisi za YouTube pale San Bruno akajeruhi watu watatu kabla ya kujiua, kwa hiyo mlinzi akikwambia rudi nyuma usianze kumwambia habari za uwazi. Baki kwenye njia ya waenda kwa miguu, piga picha yako, ondoka.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayopendwa kuliko zote, ni ile ya kutia moyo. Kwamba kijana akifika pale akaona, akagusa, atarudi na moto, atajua kwamba kumbe hata yeye anaweza, si walianzia gereji? Hapa ndo naombaga watu wasimame kidogo. Gereji maarufu kuliko zote ni ya Addison Avenue namba 367 pale Palo Alto, ambako Hewlett na Packard walianzia, jimbo la California likaweka bango 1989 kwamba hapa ndo Silicon Valley ilizaliwa. Ni kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, milango miwili, unakiona kwa mbali ukiwa barabarani, HP walikinunua 2000 wakakikarabati. Watu wanaondoka pale na picha ya vijana wawili na dola 538 za mtaji. Wanachosahau ni kwamba vijana wale walikuwa wametoka Stanford, mwalimu wao Frederick Terman ndo aliyewasukuma, na bidhaa yao ya kwanza, kifaa cha kutoa mawimbi ya sauti kwa ajili ya kupimia vyombo, mmoja wa wateja wa mwanzo alikuwa Disney, wakachukua vinane. Ile gereji nyingine ya Apple ndo kabisa, Steve Wozniak mwenyewe, aliyeanzisha Apple pamoja na Jobs, alisema 2014 kwamba stori ya gereji imekuzwa, hawakubuni kitu mle wala hawakutengeneza mashine mle, ilikuwa sehemu ya kukaa wajisikie wako nyumbani. Unaambiwa na mwenye stori kwamba sivyo ilivyokuwa, na bado watu wanakwenda kuipiga picha hiyohiyo gereji wakiitafutia moyo.

Anayetaka kuona kilichojenga lile bonde aangalie dirishani akipita barabara kuu ya 101 karibu na Mountain View. Ataona kitu kikubwa cha ajabu, kama nusu ya pipa limelazwa chini, urefu mita 345. Hilo ni banda la ndege linaloitwa Hangar One, lilijengwa miaka ya mwanzo ya 30 na jeshi la majini la Marekani kwa ajili ya USS Macon, ndege-puto ambayo ilianguka baharini 1935, hata haikukaa sana. Uwanja ule wa Moffett ndo ulioleta utafiti wa anga pale, na 1956 Lockheed wakaja Sunnyvale na kazi za makombora, na chipu za kwanza za kampuni ya Fairchild mnunuzi wake mkubwa alikuwa ni serikali, maana ndo zilizoingia kwenye kompyuta ya Apollo iliyokwenda mwezini. Hela za umma, chuo, oda za jeshi, halafu ndo vijana. Na leo hilo banda liko chini ya nani? Google, kupitia kampuni yao tanzu, wamelikodi kutoka NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na uwanja wake, mkataba wa miaka 60 wa dola bilioni 1.16, na kampasi yao mpya ya Bay View iliyofunguliwa 2022 nayo imekaa kwenye ardhi ya NASA. Hangar One haina foleni ya selfi. Kijana anayerudi nyumbani na picha ya gereji anarudi na somo la kwamba kinachohitajika ni kibanda na bidii, na mtu huyohuyo kesho akiwa diwani au waziri atajenga jengo la vioo, ataliita kitovu cha ubunifu, atakata utepe, halafu atashangaa mbona halitagi. Hii sio nadharia, miji mingapi duniani imejaribu kunakili muonekano bila kunakili oda.

Kinachonifikirisha zaidi ni jinsi majengo yenyewe yalivyobadilika. Yale ya Sun na Silicon Graphics yalikuwa ya kawaida, ofisi ambazo ukimtoa huyu unamwingiza yule, unabadili kibao na rangi za kuta kazi inaendelea. Ndo maana urithi ulikuwa rahisi. Kampuni ilipoanguka, mainjinia wake na ofisi zake na hata viti vyake vilipata mwenyewe mwingine kabla havijapoa. Tabia hiyo ilianza mapema, 1957 watu wanane walimkimbia William Shockley, mmoja wa waliobuni transista, ile swichi ndogo ya umeme iliyo ndani ya chipu, kwenye maabara yake ya San Antonio Road wakaanzisha Fairchild, na kutoka Fairchild wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakatoka tena 1968 wakaanzisha Intel, kampuni ya chipu. Lile jengo la Shockley limeshabomolewa, pembeni ya barabara wameweka masanamu makubwa ya transista ambayo ukiwa hujui utadhani ni mapambo ya duka. Sasa linganisha na ile pete, upana wa mita 461 kutoka ukingo hadi ukingo, vioo vilivyokunjwa kimoja kimoja, imepimwa kwa ajili ya watu 12,000 wanaofanya kazi kwa namna ya kampuni moja (mwanzoni baadhi yao walikuwa wanajigonga kwenye vile vioo mpaka zikapigwa simu za dharura, lakini hayo tuyaache). Nani atairithi hiyo? Huwezi kuikata robo ukampangisha mtu. Anayejenga hivyo anasema kwamba baada yake hatakuja mwingine, na kwenye bonde lile kila aliyewahi kusema hivyo jina lake liko nyuma ya kibao cha mtu.

Na mzunguko wenyewe haujasimama. Oracle waliowameza Sun walijenga minara yao ya duara pale Redwood Shores mahali palipokuwa bustani ya maonyesho ya wanyama, halafu 2020 wakatangaza makao makuu yanahamia Texas. Uber, wale wa teksi za simu, walijenga ofisi nzuri Mission Bay, San Francisco, na 2023 wakampangisha sehemu yake OpenAI, wenye ChatGPT, ndo maana sasa hivi watu wa akili mnemba wanakwenda kupiga picha kwenye vioo ambavyo vilinunuliwa na hela ya teksi. Na Nvidia, watengeneza chipu ambao siku hizi kila mtu anawataja na majengo yao ya pembetatu pale Santa Clara yanaanza kupata wageni, wao walianza 1993 kwenye meza ya mgahawa wa Denny's, San Jose, Berryessa Road, waasisi watatu wanaongea biashara kwenye vikombe vya kahawa. Bango la kumbukumbu kwenye ile meza limewekwa Septemba 2023. Kwa miaka 30 hapo katikati watu walikaa kwenye kiti hichohicho, wakala mayai yao, wakalipa, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyeona sababu ya kutoa kamera.